Mbawakawa wa Ambrosia Hawali Mbao

Watu wengi wanaoona matundu membamba na unga mweupe kwenye gogo huamini kwamba mbawakawa aliyetoboa humo anakula mbao. Kwa mbawakawa wa ambrosia, kama vile Xyleborinus saxesenii wa Ulaya, sivyo: jike mpevu huutupa nje unga anaouchimba, kisha hupanda katika kuta za njia zake kuvu aliyoibeba mwilini, na kuvu hiyo ndiyo chakula chake.

Hapo huzuka kosa la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, nalo ni kudhani kwamba kuvu hiyo huozesha mti mzima. Vimeng'enya, yaani protini zinazovunjavunja vitu, vilivyopimwa katika viota vya mbawakawa huyo huvunja hasa hemiselulosi, kijenzi laini kinachozunguka nyuzi za mbao, ikiwemo aina yake iitwayo zailani. Selulosi, yaani nyuzi zenyewe, huguswa kidogo, na lignini, kijenzi kinachozikaza nyuzi hizo, ambayo kuvu za uozo mweupe (zinazoozesha mbao hadi zikapauka) huivunja vyema, kwa sehemu kubwa hubaki ilivyo. Ndiyo maana ubao wenye matundu haya huweza kubaki mgumu. Mabuu pekee ndio hutatiza picha hii, kwa kuwa humeza kuvu pamoja na chembe za mbao, na kimeng'enya cha kuvunja zailani kimepatikana kwao.