Maktaba ya mwanafunzi wa mbali ni kitu gani hasa?

Kuna mama mmoja wa Bukavu tunasali naye, ameanza masomo ya unesi kwenye chuo cha jamii hapa Marekani, vipindi vyake vyote vya muhula huu ni onlaini kwa sababu usiku anahudumia wazee na mchana ndio analala. Jumapili moja akanivuta pembeni, "mwana wangu, hii maktaba wanasema iko mu intaneti, ni ile ile Google ao ni kitu ingine?" Nikamwambia mama hicho ni kitu kingine kabisa, tukakaa karibu saa nzima na laptopu yake. Nimeona niyaandike maana swali hilo wengi tunalo na tunaona aibu kuuliza.

Chuo cha jamii kwanza. Ni chuo cha umma, cha miaka miwili, ada yake nafuu kuliko chuo kikuu, unapata cheti au ile digrii ya miaka 2 halafu ukitaka unahamia chuo kikuu na krediti zako, yaani hesabu ya masomo uliyoshafaulu. Cha kwanza cha umma ambacho mpaka leo kinafanya kazi kiko Joliet, Illinois, kilianza 1901. Wanaosoma huko wengi ni watu wenye kazi na watoto, ndio maana masomo ya masafa yameshika sana kwenye vyuo hivi.

Sasa yale maneno "huduma za maktaba kwa wanafunzi wa masafa" ambayo unayaona kwenye tovuti ya chuo unayapita tu, maana yake ni kwamba mwanafunzi ambaye hakanyagi kampasi anastahili huduma za maktaba za kiwango sawa na yule anayekaa mle ndani kila siku. Anastahili, hafanyiwi hisani. Hata chama cha wakutubi wa vyuo Marekani, ACRL, kimeiandika hivyo kwenye viwango vyake. Pesa za kununua vitabu na majarida ya maktaba zimeshatoka, sehemu yake ni ada yako na kodi yako, kwa hiyo usipovitumia unakuwa umelipia chakula ukaondoka bila kula.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu mimi muhula wangu wa kwanza nilitafuta makala moja Google, nikafika kwenye ukurasa unaotaka dola 30 na kitu, saa sita usiku, asaimenti inatakiwa asubuhi, nikatoa kadi nikalipa. Wiki mbili baadaye nikagundua makala ile ile ilikuwa bure kwenye maktaba ya chuo changu. Dola 30 wakati ule ilikuwa chakula cha siku kadhaa.

Kwa nini ule ukurasa ulinidai na chuo hakidai? Hapa ndio penyewe, soma taratibu. Majarida ya kitaaluma hayako wazi kwa kila mtu, chuo kinalipia databesi, yaani ghala la makala onlaini, kwa mwaka, mfano JSTOR, au CINAHL ambayo ni ya mambo ya unesi na iko chini ya EBSCO. Ile databesi inakutambua kwa anwani ya IP, namba inayoonyesha intaneti unayotumia ni ya nani, yaani ukiwa ndani ya jengo la maktaba inaona intaneti ni ya chuo, inafungua. Ukiwa nyumbani inaona intaneti ya kampuni yako ya nyumbani, haikujui, inakuonyesha bei. Kwa hiyo vyuo vingi vinaweka mtu wa kati, programu inaitwa EZproxy. Unaanzia kwenye tovuti ya maktaba, unabonyeza databesi, unaulizwa akaunti na paswedi ya chuo, ukishaingia ombi lako linapitia kwenye seva ya chuo na databesi inaona kama umekaa kampasi. Angalia juu kwenye anwani ya ukurasa, badala ya www.jstor.org utaona www-jstor-org halafu jina la chuo chako limefuatia nyuma. Ukiona hivyo ujue umeingia. Usipoona hivyo, na ukurasa unataka kadi ya benki, rudi nyuma uanze kwenye tovuti ya maktaba.

Na ukipenda Google Scholar, ile Google ya kutafutia makala za kitaaluma, sio dhambi, ingia kwenye setingi, sehemu ya linki za maktaba, tafuta jina la chuo chako uliweke. Kama chuo chako kimejiunga nayo, pembeni ya makala itatokea linki ya kukupeleka kwenye nakala iliyolipiwa.

Kama makala haipo kabisa kwenye chuo chako kuna azima baina ya maktaba, hii naipenda kuliko zote. Unajaza fomu, maktaba yako inaomba kwa maktaba nyingine, hata ya jimbo jingine, makala inaskaniwa inakuja kwa imeili kama PDF, mara nyingi ndani ya siku chache na kwa kawaida hulipi kitu. Ila usiombe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi.

Kuna pia mkutubi wa chati. Kile kidirisha kinachotokea pembeni kinasema uliza mkutubi, watu wanadhani ni mashine, kwenye vyuo vingi ni mtu kabisa, na kwa sababu maktaba nyingi zimeungana kupeana zamu unaweza kujibiwa usiku wa manane na mkutubi aliyeko mji mwingine. Hawachoki na Kiingereza chetu. Yule mama tulimwandikia pale pale, tukasema natafuta makala za vidonda vya mgonjwa anayelala muda mrefu, tukaletewa maneno matatu ya kutafutia kwenye CINAHL pamoja na jinsi ya kuchuja miaka 5 ya karibuni. Mama akayaandika kwenye daftari kwa mkono, moja moja.

Vitabu vya kiada ndio pagumu, maktaba nyingi hazina nakala ya onlaini ya kila kitabu cha kozi, na baadhi ya vitabu vya onlaini leseni yake ni mtu mmoja kwa wakati mmoja, ukikuta kimeshikwa unasubiri. Kabla hujanunua kitabu muulize mwalimu kama OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice inafaa, wana vitabu vya bure tangu 2012, hata cha anatomia na fiziolojia wanacho. Maktaba nyingine zinaazima laptopu na kile kidude cha intaneti pia, uliza.

Jambo moja la kuangalia, akaunti inakwenda na usajili wako. Ukimaliza chuo au ukiruka muhula, baada ya muda mlango wa nyumbani unafungwa, ingawa vyuo vingi bado vinakuruhusu kutumia databesi ukienda mwenyewe kukaa kwenye kompyuta za maktaba. Kwa hiyo makala unazozihitaji zipakue kama PDF mapema uweke mahali pako, usitegemee linki uliyonakili juu ya ukurasa, nyingine zinakufa ukishatoka. Tafuta palipoandikwa linki ya kudumu unakili hiyo.