Setilaiti haioni chini ya ardhi, inasoma mimea

Kila nikieleza kazi yetu ya akiolojia naulizwa swali lile lile: setilaiti inaonaje ukuta uliofukiwa? Haiuoni. Inachoona ni mimea na udongo ulio juu yake, na sisi ndio tunaokisia kilicho chini.

Chukua shamba la shayiri lililopandwa juu ya msingi wa mawe. Udongo wa hapo ni kiduchu, mizizi haina pa kushukia, na jua likikaza shayiri hudumaa ikawa manjano mapema. Juu ya mtaro wa kale uliojaa udongo mambo ni kinyume: maji hukaa, mimea hurefuka na kubaki chanikiwiti wakati mingine imeshakauka. Ukisimama shambani huambulii kitu. Ukitazama kutoka juu, mstari unanyooka, unakata kona, unakuwa chumba. Ndiyo maana mwaka wa ukame, msiba kwa mkulima, kwetu ni wa neema, ingawa naona haya kulisema.

Setilaiti hupima pia mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Jani lenye afya huurudisha kwa wingi kuliko jani lenye kiu. Kwa picha za aina hiyo mwanaakiolojia Sarah Parcak na wenzake walifuatisha ramani ya mitaa ya Tanis, mji wa kale wa Misri, ambao kuta zake za matofali ya udongo zimelala chini ya mchanga.

Kinachopenya kweli ni rada, tena kwenye mchanga mkavu tu. Mwaka 1981 rada iliyobebwa na chombo cha anga za juu cha Columbia ilifichua mikondo ya mito ya kale chini ya Sahara. Udongo ukiwa na unyevu, rada haifiki mbali.

Picha ninazozithamini zaidi, hata hivyo, ni za zamani: za setilaiti za kijasusi za Marekani ziitwazo CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kutolewa sirini mwaka 1995. Zilinasa ardhi kabla mabwawa, matrekta na majengo hayajafuta mengi.

Picha za bure za Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, zina pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 10, kwa hiyo ukuta wa mita moja humezwa humo. Za kulipia hufikia sentimita 30 hivi, na hata hizo hudanganya. Niliwahi kushangilia mstari mmoja wiki nzima, umenyooka vizuri, nikauita barabara ya kale. Tulipofika na majembe na kifaa cha kupima usumaku wa udongo, mwenye shamba akatuuliza kama tumekuja kutengeneza bomba la maji.