Idara ya Kemia Haibatizi Mtu

Swali limerudi tena. Kila msimu wa kuomba vyuo vya Marekani ukianza, Malindi nzima hunirudishia lile lile: "Mwalimu, chuo chenyewe ni cha Kikatoliki. Huyu mtoto si atarudi padri?" Akiwa binti, atarudi mtawa. Mzazi Mwislamu huuliza kwa hofu, Mkatoliki huuliza kwa matumaini, na wote wawili wamekosea pale pale. Wanadhani kila idara ya chuo hicho imewekwa kufundisha dini, na ile aya ya malengo ya idara wanaipita kama sala ya kufungulia kikao.

Si sala. Ni ahadi, na vyombo vinavyotoa ithibati kwa vyuo vya Marekani hutaka kuona ushahidi kwamba inatimizwa.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomaliza ubishi upesi. Shahada ya miaka minne ni kredi 120 hivi. Somo la kawaida ni kredi 3, yaani saa tatu darasani kwa wiki, kwa muhula wa wiki 15 hivi. Gawanya: masomo 40, matano kila muhula. Fani kuu, yaani ile anayobobea mwanafunzi, huchukua 10 hadi 12, za sayansi zaidi. Masomo ya lazima kwa wote (uandishi, lugha, historia, hisabati, sayansi, falsafa, teolojia) huchukua theluthi au zaidi. Teolojia humo ndani mara nyingi ni masomo mawili. Mawili kati ya 40! Kama padri angepatikana kwa masomo mawili, seminari zingefungwa kesho.

Na hayo mawili yenyewe si katekisimu. Hapa ndipo ninapoishiwa subira, kwa hiyo nitakaa kidogo. Katekisimu ya parokiani inamwandaa mtu kupokea sakramenti. Idara ya teolojia ina lengo jingine: mwanafunzi achukue andiko, tuseme sura mbili za kwanza za kitabu cha Mwanzo, aone kwamba masimulizi ya uumbaji ni mawili na mpangilio wake haulingani, kisha aeleze wasomaji waliomtangulia waliikabilije tofauti hiyo na yeye anakubaliana na nani, kwa hoja gani. Mtakatifu Augustino alishaumiza kichwa na sura hizo zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Insha haisahihishwi kwa imani ya aliyeiandika. Anayejaza kurasa tano kwa "naamini kwa moyo wangu wote" atapata alama ya chini hata kama ni katekista. Kijana aliyelelewa na madrasa, aliyezoea kuuliza hadithi hii kaipokea nani kutoka kwa nani, anaweza kuingia darasa hilo na silaha ambayo wenzake bado hawana.

Waraka unaoongoza vyuo hivi ni Ex Corde Ecclesiae wa Papa Yohane Paulo II, wa tarehe 15 Agosti 1990. Unataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu chuoni uheshimiwe, unatambua uhuru wa kitaaluma, na papo hapo unamtaka Mkatoliki anayefundisha teolojia awe na idhini ya mamlaka ya Kanisa. Mambo haya huvutana, na vipeperushi vya udahili havitakwambia. Sioni mvutano huo ukiisha.

Kosa la pili nalipita mbio. Elimu ya vyuo hivi, iitwayo kwa Kiingereza "liberal arts", haina maana ya kuchora na kupiga gitaa. Mfumo wa zamani ulikuwa na fani saba: sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jometri, muziki na falaki. Aliyesoma nahau, mantiki na balagha kwa masheikh wa Lamu tatu za kwanza anazijua bila kuelezwa.

Sasa kemia. Hakuna kemia ya Kikatoliki. Asidi haiulizi dhehebu. Biolojia nayo hufundisha mageuko kama kwingineko. Papa Yohane Paulo II huyo huyo alisema mwaka 1996 kwamba nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu. Kanuni za urithi zilianzia kwa mtawa, Gregor Mendel, aliyechapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866. Ukatoliki huonekana katika swali linalowekwa kando ya takwimu. Idara ya uchumi itafundisha ugavi na mahitaji kwa milinganyo ile ile ya kila mahali, halafu lengo lake mojawapo liwe mwanafunzi aweze kujadili kama mshahara uliopangwa na soko unatosha kumtunza mfanyakazi na familia yake. Hoja hiyo iko katika Rerum Novarum, waraka wa Papa Leo XIII wa 1891. Mwanafunzi anaruhusiwa kuipinga. Haruhusiwi kutoijua.

Ukisoma ukurasa wa idara, tenga tabaka tatu. Dhamira ya chuo ni pana na ya kishairi. Isome mara moja tu. Malengo ya idara yanasema mhitimu wa fani hiyo ataweza kufanya nini. Matokeo ya somo moja moja ni vipande vya malengo hayo. Wazazi husoma tabaka la kwanza wakadhani wamesoma yote.

Katika malengo, tafuta kitenzi. "Kuthamini urithi wa binadamu" haina mshiko, kwa sababu nani atampima anayethamini? "Kupima vyanzo vinavyopingana na kuandika hoja yenye ushahidi" ina mshiko. Chukua idara ya historia. Mwanafunzi anapewa shajara ya safari ya Vasco da Gama, ile inayoeleza jinsi mfalme wa Malindi alivyotoka kwa mashua kukutana naye Aprili 1498. Hatakiwi kuikariri. Anaulizwa: aliyeandika alikuwa chomboni au nchi kavu? Alielewa lugha gani? Aliwaandikia akina nani? Mfalme alifaidika nini kumpokea mgeni aliyetoka kugombana na Mombasa? Halafu anatafuta chanzo cha upande wa pili, anagundua ni haba, na lazima aseme ukimya huo unamzuia kudai nini. Hilo ndilo lengo la idara likiwa kazini. (Wanaopiga picha chini ya nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni Malindi wangefaidika nalo pia.)

Baada ya kitenzi, fuata njia yake. Idara makini huwa na jedwali: masomo upande mmoja, malengo upande mwingine, na alama ya mahali lengo linapoanzishwa, linapoimarishwa na linapopimwa. Lengo lisiloonekana hata katika somo moja la lazima ni pambo. Lililoanzishwa mwaka wa kwanza likapimwa mwaka wa nne bila chochote katikati litawaangusha wanafunzi kwenye tasnifu. Kasoro ninayoiona zaidi ni idara inayoahidi utafiti ilhali mitihani yake yote ni ya kuchagua A, B, C au D.

Kuna ukweli ambao miongozo haiupendi: mara nyingi masomo hutangulia, malengo yakaandikwa baadaye ili yafanane nayo, ripoti ya ithibati ikikaribia. Na lile lengo kubwa la vyuo hivi, kumjenga mtu mwadilifu, sijui linapimwaje. Insha ya maadili inapima uwezo wa kuandika juu ya maadili. Tapeli mwenye kalamu nzuri atapata A.

Onyo kwa waliozoea mfumo wetu, ambapo kijana anaitwa chuoni akiwa tayari amepangiwa programu: huko wengi hutangaza fani mwishoni mwa mwaka wa pili. Kwa hiyo soma malengo ya idara tatu au nne, si moja. Na Thomas Aquinas College ya California haina idara kabisa. Wote husoma masomo yale yale na kupata shahada moja. Kuomba uhandisi huko ni kupoteza ada ya posta.

Idara ikikuvutia, usiiandikie ofisi ya udahili, watakujibu kwa picha za maua. Mwandikie mkuu wa idara barua pepe fupi yenye maombi matatu: orodha ya masomo ya lazima ya fani, muhtasari wa somo la mwaka wa mwisho, na vichwa vya tasnifu za wahitimu wa mwaka jana. Asiyejibu mpe wiki mbili, kisha umkumbushe mara moja tu.