Vishazi Rejeshi vya Kiingereza: Neno Lisilohitaji Kurudiwa

Wanafunzi wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wakifika kidato cha kwanza hutakiwa kujifunza karibu masomo yote kwa Kiingereza. Kosa la vishazi rejeshi, yaani sehemu za sentensi zinazoeleza nomino kwa maneno kama "who" na "which", linalojitokeza katika insha zao halitokani na uzembe, bali linatokana na kuifuata kwa uaminifu sarufi waliyoizoea.

Kwa Kiswahili tunasema "viazi nilivyovinunua Uyole", tukiitaja yambwa, yaani kitu kinachotendewa ("-vi-"), ndani ya kitenzi hata baada ya kuweka kirejeshi ("-vyo-"), nasi tuko sahihi kabisa. Mwanafunzi akiufuata mpangilio huo huandika "The potatoes which I bought them at Uyole were cheap", ilhali katika Kiingereza sanifu "which" limekwisha kushika nafasi ya viazi, na "them" halina tena kazi. Nawasihi walimu waanze na sentensi mbili kamili, "The potatoes were cheap" na "I bought them at Uyole", kisha mwanafunzi mwenyewe alifute "them", aandike "which" na kulisogeza hadi mwanzo wa kishazi, ili aone kwa macho yake kwamba neno limehama na pale lilipotoka pamebaki wazi.

Umilikaji huleta kosa la ukoo huohuo. "Mkulima ambaye shamba lake liliungua" huzaa "The farmer who his farm burned", lakini "whose" peke yake hubeba kazi ya "who" na ya "his", kwa hiyo tunaandika "The farmer whose farm burned".

Mkato nao hubadili maana. "My brother who lives in Iringa grows maize" humtofautisha kaka huyo na wengine, wakati "My brother, who lives in Iringa, grows maize" hueleza kwamba kaka ni mmoja, na Iringa ni taarifa ya nyongeza tu. Jina la mtu anayejulikana halihitaji kubainishwa, ndiyo maana mikato ni ya lazima katika "Mkwawa, who led the Hehe, died in 1898", na "that" haliwezi kutumika hapo.

Jambo la mwisho halipewi uzito unaostahili madarasani. Kirejeshi cha Kiswahili hubeba ngeli, hivyo katika "lori lilipeleka viazi Makambako ambalo liliharibika njiani" msomaji anajua kilichoharibika ni lori, ingawa kishazi kimekaa mbali nalo. "Which" halina ngeli, na ukiandika "The lorry took potatoes to Makambako which broke down", msomaji ataanza kwa kudhani kwamba Makambako ndiyo iliyoharibika. Inafaa kishazi kikae kando ya nomino yake: "The lorry which took potatoes to Makambako broke down."