Je, wajua kwa nini hewa ya fukuto ni nyepesi kuliko hewa kavu?

Mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijaingia, keti barazani Lamu mjini saa nane mchana na utasikia neno moja likirudiwa: leo hewa nzito. Shati limeganda mgongoni, jasho halikauki, hata punda wamejibanza ukutani penye kivuli. Kama habari ya mwili, usemi huo hauna kosa. Kama habari ya mizani, ni kinyume kabisa. Kwa joto lile lile na mgandamizo ule ule, hewa iliyojaa mvuke ni nyepesi kuliko hewa kavu, na wepesi huo ndio unaoinua mawingu ya mvua na kuinyima ndege nguvu inapotaka kupaa kutoka uwanja wa Manda, kisiwa jirani.

Wanaolikosea hili ni wengi, wakiwamo waandishi wa makala za namna hii kabla hawajashika penseli na kupiga hesabu. Kosa lenyewe lina mizizi mitatu, na kila mmoja una sababu ya kueleweka.

Wa kwanza ni kanga. Kanga iliyolowa ni nzito kuliko kavu, kila mfuaji anajua, basi tunadhani hewa nayo hulowa hivyo hivyo. Lakini kanga ina nyuzi, na maji yakiingia kati ya nyuzi hakuna uzi unaotoka. Kimeongezwa kitu, hakikupunguzwa kitu. Hewa haina nyuzi za kushika maji. Mvuke ukiingia, lazima kitu kingine kiupishe.

Mzizi wa pili ni weupe. Tunaona wingu, tunaona moshi wa chungu cha wali, tunasema huo ndio mvuke. Tazama birika la chai linapochemka: karibu kabisa na mdomo pana upenyo mdogo usioonekana kitu, kisha ndipo weupe unapoanza. Mvuke ni ule usioonekana. Weupe ni matone madogo mno ya maji, yaani mvuke uliokwisha kupoa. Matone kweli ni mazito kuliko hewa. Mvuke sivyo.

Wa tatu ni ngozi yetu. Mwili hujipoza kwa kukausha jasho, na hewa iliyokaribia kushiba mvuke hukausha polepole sana. Joto linabaki mwilini, kifua kinalemewa, na ulimi unatafuta neno. Neno lililo karibu ni “nzito”.

Sasa twende kwenye mizani. Tuseme mashua ya kuvusha abiria kutoka Mokowe, upande wa bara, ina nafasi 100, na nahodha wake hahesabu kilo, anahesabu vichwa. Mtu mzima nafasi moja, mtoto nafasi moja. Katika hewa kavu, abiria 78 ni molekuli za naitrojeni, kila mmoja uzito wake 28. Abiria 21 ni oksijeni, wa uzito wa 32. Anayebaki ni agoni, mnene kuliko wote, 40. Wastani wao ni 29 hivi. Molekuli ya maji, oksijeni moja na haidrojeni mbili, ni mtoto wa uzito wa 18. Siku ya fukuto Lamu, nafasi tatu hivi kati ya mia hukaliwa na watoto hao. Watu wazima watatu wameshuka, watoto watatu wamepanda. Mashua imejaa vile vile, ila imeelea juu kidogo.

Msomaji mkali atauliza: mbona mtoto apewe nafasi nzima? Swali ni zuri, na jibu lake lilitolewa na Amedeo Avogadro mwaka 1811: ujazo sawa wa gesi, kwa joto na mgandamizo sawa, una idadi sawa ya molekuli, ziwe kubwa ziwe ndogo. Usiwafikirie abiria walioketi, wafikirie watu wanaokimbia uwanjani huku wakigongana. Nafasi ya mtu uwanjani haipimwi kwa unene wake. Inapimwa kwa jinsi anavyowasukuma wengine. Joto likiwa sawa, wote wana nguvu sawa kwa wastani, kwa hiyo aliye mwepesi hukimbia zaidi. Molekuli ya maji huishinda mbio ile ya naitrojeni kwa robo hivi, na kwa mbio hizo hujitengea uwanja ule ule ambao mwenzake hujitengea kwa uzito.

Na kwa nini wale watatu washuke, wasibanane tu? Kwa sababu anga haina kifuniko. Mvuke ukiongezeka mahali, hewa ya hapo hutanuka mpaka mgandamizo wake ulingane na wa jirani, na wengine hujikuta nje. Ndani ya chupa iliyofungwa mambo hubadilika: tia mvuke humo na chupa itazidi uzito. Wanaosema hewa ya unyevu ni nzito wana haki kamili, mradi wanaishi ndani ya chupa.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua mchana wa nyuzi 30 za Selsiasi, nukta ya umande nyuzi 25 (yaani hewa ingepozwa hadi 25 ndipo ingeanza kutoa matone), mgandamizo milibari 1,010. Mita moja ya ujazo ya hewa kavu ingekuwa na gramu 1,161. Katika hewa ya fukuto gramu 23 hivi za mvuke zimeingia, na gramu 36 hivi za hewa kavu zimetoka. Jumla imeshuka hadi 1,147. Katika chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 3, pungufu hilo ni gramu 660 au zaidi kidogo. Wepesi huo ni sawa na hewa kavu iliyopashwa joto la ziada la karibu nyuzi 4.

Hata ukungu, ambao kweli umebeba maji, haufuti pengo hili katika hewa ya joto: matone yake kwa kawaida hayafiki hata nusu gramu katika mita ya ujazo. Ila masharti yasisahauliwe. Hewa ya unyevu ya asubuhi ya kusi, ikiwa nyuzi 24, bado ni nzito kuliko hewa kavu ya nyuzi 31, kwa sababu joto nalo lina neno lake. Na anayesema mpira wa miguu huruka mbali zaidi siku ya fukuto yuko sawa kwa nadharia, lakini tofauti ni ndogo kiasi kwamba upepo wowote wa pwani utaimeza. Asiweke dau. Vivyo hivyo baromita, yaani kipima mgandamizo wa hewa, ikishuka kabla ya dhoruba, unyevu pekee hauwezi kuwa sababu kuu. Karibu na ikweta baromita hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa milibari 3 hivi, hata mbingu ikiwa haina wingu: juu yapata saa nne, chini yapata saa kumi. Mgeni akiona sindano imeshuka saa kumi jioni, asikimbilie kuanua nguo.

Juu ya bahari, ambako maji na hewa hukaribiana kwa joto, mvuke huchangia sehemu kubwa ya nguvu inayoanza kuinua hewa. Ikishapanda, hewa isiyo na wingu hupoa kwa nyuzi 10 hivi kila kilomita. Marubani wana kanuni ya haraka: toa nukta ya umande katika joto, zidisha kwa futi 400, upate kimo cha kitako cha mawingu ya mafungu, yale yanayofanana na marundo ya pamba. Kwa 30 na 25 tofauti ni 5, basi kitako ni futi 2,000. Pengo hilo likibaki nyuzi 2 au chini na upepo umelala, rubani huanza kuhofia ukungu. Lamu na Malindi pengo hilo haliishi kirahisi, kwani bahari huzuia usiku usipoe sana na upepo haulali mara nyingi. Ndiyo maana Limuru, iliyo nyanda za juu kwenye baridi na yenye mvuke mchache kuliko pwani, ina ukungu mwingi kuliko pwani. Ukungu hautaki mvuke mwingi, unataka hewa iliyoshiba.

Ndani ya wingu mvuke hutoa zawadi ya pili. Kila gramu inayogeuka matone huachia kilojuli 2.5 za joto. Gramu 5 tu zikigeuka ndani ya kilo moja ya hewa, hewa hiyo huokolewa nyuzi 12 za baridi. Kwa hiyo badala ya kupoa nyuzi 10 kwa kilomita, hupoa 4 hadi 6. Hapo ndipo uthabiti wa anga unapoamuliwa. Kama hewa ya jirani hupoa kwa kasi kuliko hiyo, ile iliyopanda itabaki yenye joto zaidi na kuendelea kupanda, kama boya lililoshikiliwa chini ya maji kisha likaachiwa. Kama juu kuna tabaka lenye joto, boya limekuta dari.

Dari hiyo hukutwa sana pwani, na huenda ndiyo inayoeleza ajabu nyingine: Lamu, pamoja na mvuke wake wote, haifikii Kericho, kule nyanda za juu, kwa radi na mvua ya mawe. Pepo za msimu huvuma karibu sambamba na ufuo na hewa ya juu huelekea kushuka, lakini kila sababu ina uzito gani hasa ni jambo ambalo bado linabishaniwa. Radi zikija, matone yaliyolemea huvuta hewa chini kwa kishindo. Ndege inayokaribia kutua hupata upepo wa mbele kwanza, kisha ghafla wa nyuma, na kasi yake ikilinganishwa na hewa huporomoka. Rubani hulizunguka wingu kubwa la radi kwa maili 20 za baharini, halipiti chini.

Kwenye barabara ya kurukia ya Manda, iliyo karibu usawa wa bahari, mchana ule wa nyuzi 30 ndege hujiona iko kwenye kimo cha futi 1,800 kwa sababu ya joto, kisha unyevu huongeza futi 400 na ushee. Bawa lina hewa chache ya kuegemea, propela ina chache ya kung’ata. Injini ya pistoni isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi injini) huumia zaidi, kwa sababu wale watoto watatu wamekalia viti ambavyo vingine vilikuwa vya oksijeni: imepungukiwa oksijeni kwa asilimia 3 hivi, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, inaendelea kumimina petroli kana kwamba hewa yote ni ya kuunguza.

Kabureta hiyo hiyo huficha kioja cha mwisho. Hewa inapopita kwenye koo lake jembamba na petroli ikikauka humo, joto huweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi, na mvuke wa Malindi huganda kuwa barafu mchana wa nyuzi 28, hasa rubani akiwa amepunguza nguvu ili kushuka. Kwenye ndege yenye propela isiyobadilishwa pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kupungua bila mkono kugusa kitu. Dawa ni kuvuta kipasha joto cha kabureta mpaka mwisho. Injini itazidi kukohoa kwa sekunde kadhaa, kwa sababu inameza maji ya barafu iliyoyeyuka, na kosa la wengi ni kuogopa kikohozi hicho na kukirudisha kipasha joto. Kinaachwa wazi mpaka mizunguko ipande yenyewe.