Kuyumba ukiwa umesimama: maswali kuhusu kipimo cha usawa wa mwili kwa wenye matatizo ya serebelamu

Serebelamu inahusika vipi na kusimama?

Ni sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, chini ya ubongo mkubwa. Kazi yake ni kurekebisha miondoko: msuli ukaze kiasi gani, lini, na uachie lini. Ikidhurika kwa kiharusi, uvimbe, ulevi wa miaka mingi au ugonjwa wa kurithi, mtu huweza kubaki na nguvu zake lakini akawa anapitiliza. Akiinama mbele kidogo, misuli humrudisha kupita kiasi, naye huelemea nyuma. Hali hiyo huitwa ataksia.

Kwani mtu mwenye afya hayumbi?

Huyumba, ila kidogo mno hata mwenyewe hatambui.

Hupimwaje?

Mgonjwa husimama juu ya bamba lenye vihisio vinavyosoma jinsi nyayo zinavyolikandamiza. Kompyuta huchora mahali uzito unapoegemea na jinsi panapohama, kisha hukokotoa urefu wa njia hiyo, eneo lake na kasi yake. Hupimwa macho wazi, kisha yamefumbwa, na pengine juu ya sponji. Siku hizi kuna pia vihisio vidogo vinavyofungwa kiunoni.

Bila mashine yoyote, daktari anaweza kutumia kipimo cha SARA, kilichochapishwa mwaka 2006. Kina vipengele 8 na alama 0 hadi 40. Alama nyingi zina maana ya ataksia kali. Kusimama ni kipengele kimojawapo.

Kwa nini macho yafumbwe?

Hapa wengi hukosea. Jaribio hili lina jina la Romberg, daktari Mjerumani wa karne ya 19, na watu hudhani linagundua ugonjwa wa serebelamu. La hasha. Anayesimama vizuri akiona, kisha akaporomoka akifumba macho, huenda tatizo lake liko kwenye neva za miguu, uti wa mgongo au sikio la ndani. Mwenye serebelamu iliyodhurika mara nyingi huyumba hata macho yakiwa wazi.

Ila sehemu za serebelamu hazifanani. Ikidhurika ya mbele, ambayo pombe huipenda sana, mtu huyumba mbele na nyuma takriban mara 3 kwa sekunde, na kuona humsaidia kutulia. Ikidhurika ya chini, inayoshirikiana na sikio la ndani, huyumba polepole kila upande, na macho hayamfai sana. Kwa maoni yangu, mwelekeo na mdundo huu hueleza mengi kuliko ukubwa wa namba ya kuyumba inayotolewa na kompyuta.

Namba ikipungua, nimepata nafuu?

Si lazima. Anayeogopa kuanguka hukakamaa, na aliyekakamaa huyumba kidogo. Ukitanua miguu, namba hushuka pia. Ndiyo maana kila mara nyayo zikae vilevile na muda uwe uleule. Tena, kusimama vizuri si kutembea vizuri: mwendo, hasa kugeuka, upimwe peke yake.

Naweza kujipima nyumbani?

Usifumbe macho ukiwa peke yako. Awepo mtu karibu wa kukudaka. Kuyumba kulikoanza ghafla, hasa kukiambatana na kutapika, kichwa kuuma sana, kuona vitu viwiliwili au ulimi mzito, si jambo la kupima nyumbani. Huenda ni kiharusi: nenda hospitali mara moja.