Kongwa: matrekta yalifika yameshachoka

Mimi nimekulia gereji ya malori, kwa hiyo mtu akitaja Kongwa, kule Dodoma, na ule mradi wa serikali ya Mwingereza wa kulima karanga za mafuta kwa mashine, lazima nisogee karibu nisikie, na kila mara naishia kukereka, maana stori inayozunguka ni ileile, kwamba walileta mitambo mipya, wenyeji hawakujua kuitumia, ikafa. Sio kweli jamani.

Dhana: yalikuwa matrekta mapya kutoka Uingereza

Hapana. Mradi unaanza 1947, vita imeisha juzi tu, Uingereza watu bado wanapewa chakula kwa mgao na mafuta ya kula ni shida, serikali yao ikawa na haraka mno. Mpango ulikuwa ekari zaidi ya milioni 3, kwa karibu pauni milioni 25. Sasa matrekta makubwa ya kung'oa pori kiasi hicho yatoke wapi? Viwandani hakuna. Wakaenda kununua yaliyobaki ya jeshi la Marekani kule Ufilipino, mitambo iliyomaliza vita yake, imeshafanya kazi ya kijeshi, halafu ikapakiwa melini mpaka Dar es Salaam, ikaingia reli ya kati kwenda Dodoma. Yaani ni mtumba, na mtumba wa vitani!

Tena wakachukua vifaru vya vita vya Kimarekani aina ya Sherman, kampuni ya Vickers ikavigeuza kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Kifaru ni kifaru, kilitengenezwa kikimbize adui, hakikutengenezwa kivute jembe kutwa nzima juani kwenye udongo wa Ugogo. Havikufua dafu.

Dhana: madereva na makanika wa Kiafrika ndio walioua mashine

Hii ndiyo inayoniuma. Kufika mwisho wa kiangazi cha 1947 karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamesimama, hayafanyi kazi. Theluthi mbili, na mradi haujamaliza hata mwaka! Hapo utamlaumu dereva kwa lipi, wakati mashine ilishushwa bandarini ikiwa imechoka.

Na udongo wenyewe watu hawausemi. Udongo wa Kongwa una mchanga unaosaga chuma. Nikueleze ilivyo kwa mitambo inayotembea kwa minyororo ya chuma badala ya matairi: kila kipande cha mnyororo kinashikwa na pini, na pini inazunguka ndani ya bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, sasa vumbi lile likiingia katikati likachanganyika na grisi linakuwa kama msasa, kila mzunguko linakula kidogo, pini inakonda, bushi inapanuka, mnyororo unalegea mpaka siku moja unaruka kwenye meno yake na trekta inakaa hapo hapo porini. Dereva hata awe bingwa vipi hawezi kuuzuia mchanga. Halafu mizizi ya lile pori, bledi za buldoza zilikuwa zinaharibika kila siku, na mibuyu ndiyo usiseme, mingine ina nyuki ndani, ukiugonga tu wanatoka na watu wanapelekwa hospitali.

Pia sio kwamba wote walikuwa hawajawahi kushika usukani. Waafrika wa huku waliendesha malori ya jeshi vita nzima, wengine walifika mpaka Burma. Waliofundishwa haraka haraka pale pale walikuwepo, ndiyo, lakini aliyepanga waharakishwe sio wao. Na Septemba 1947 wafanyakazi wa Kongwa waligoma, mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar ukafuata reli. Watu walikuwa na madai yao, sio kwamba walikaa tu wanatazama mashine zikifa.

Dhana: spea zilikuwa tele, tatizo ni uvivu

Spea zilikuwa zinaletwa, ila kuwa na spea na kujua iko wapi ni vitu viwili tofauti, mtu yeyote wa stoo anajua hili. Reli ni moja, mafuriko ya mto Kinyasungwe yakaikata, bandarini mizigo imerundikana. Mitambo ni ya aina nyingi, mingine modeli ambazo zimeshaachwa kutengenezwa. Hata wakaguzi wa hesabu baadaye walilalamika kwamba vitabu havikutunzwa inavyotakiwa. Katika hali hiyo fundi anabaki na njia moja tu, kuchinja. Unachagua trekta iliyokufa zaidi, unatoa pampu, unatoa radieta, unatoa roli za chini, unaifufua nyingine. Ndio maana mitambo iliyokufa ilikuwa mali, na fundi anayejua kipi kinaingia wapi bila kitabu alikuwa mali kuliko mitambo yenyewe. Mimi nimeona kazi hii kwa macho yangu kwenye malori, haihitaji nguvu, inahitaji kumbukumbu.

Dhana: Kongwa haioti karanga

Inaota! Wagogo wanalima karanga mpaka leo na Dodoma ni moja ya mikoa inayojulikana kwa zao hilo. Kilichoshindikana ni mashamba makubwa ya mashine kwenye udongo ambao jua likiupiga baada ya mvua unakuwa kama saruji, na mvua yenyewe haina ratiba. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango mkubwa, hasara ikawa kama pauni milioni 36. Mkulima wa pale anasubiri mvua ya kwanza ilainishe ardhi, anapanda eneo analoliweza, na wakati wa kuvuna anazing'oa kwa mkono na jembe kabla udongo haujakaza.